Taa ya barabarani inayobadilika rangi: namna ya kuijua kasoro kabla ya kupanda ngazi

Taa ya sodiamu ikiwashwa jioni haianzi na rangi yake. Sekunde za mwanzo hutoa mwanga hafifu wenye samawati, kisha weupe uliofifia, halafu njano kali inayofanya kila kitu kionekane kijivu. Baada ya dakika nne au tano ndipo inatulia kwenye ile rangi ya dhahabu tuliyoizoea barabarani. Asiyeijua safari hiyo hudhani taa imeharibika. Anayeijua husimama chini ya nguzo, akatazama dakika hizo tano, akajua aanzie wapi.

Naandika hasa kuhusu taa za sodiamu za presha kubwa, zile ambazo maboksi yake huandikwa SON, kwa kuwa ndizo zilizotawala barabara, bandari, masoko na viwanja vya shule zetu kwa miaka mingi, na bado zipo nyingi licha ya LED kuenea. Nimechoka kuona fundi anabadilisha ignaita (kiwashio cha taa), kesho choki (koili inayodhibiti umeme unaoingia kwenye taa), keshokutwa globu, na mwenye taa analipia vyote vitatu ilhali kilichokufa ni kimoja. Rangi ingemwambia bure.

Ndani ya globu ya kioo mna mrija mdogo wa kauri inayopitisha mwanga. Ni kauri kwa sababu sodiamu ya moto hukila kioo cha kawaida, na taa hizi hazikuweza kuingia sokoni mpaka kauri hiyo ilipobuniwa Marekani. Zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960. Ndani ya mrija mna gesi ya zenoni, zebaki kidogo na sodiamu. Taa ikiwa baridi, gesi ni zenoni peke yake. Zebaki na sodiamu zimeganda pamoja kwenye ncha ya mrija. Ignaita hupiga mapigo ya volti elfu kadhaa, umeme unapenya kwenye zenoni, na mwanga wa kwanza unaouona ni wa zenoni hiyo. Joto likipanda, zebaki inageuka mvuke na kuleta weupe wa samawati. Kisha inafuata sodiamu. Mvuke wake ukiwa bado mchache hutoa njano moja tu, yenye wimbi la nanomita 589. Ni njano ileile inayowaka kwenye jiko la gesi maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria, maana chumvi nayo ina sodiamu.

Halafu hutokea jambo zuri sana. Mvuke ukizidi, sodiamu iliyo pembezoni mwa mrija, ambayo ina joto dogo kuliko ya katikati, huimeza njano inayotoka katikati. Mwanga unaoponyoka ni ule ulio pande mbili za njano hiyo: upande mmoja unaelekea wekundu, upande wa pili unaelekea kijani. Hapo ndipo taa inapata rangi ya dhahabu, kama kelvini 2,000 hivi kwa kipimo cha rangi ya mwanga, na hapo ndipo jicho linaanza kutofautisha kanga nyekundu na ya kijani.

Kwa hiyo njano tupu ni alama ya presha ndogo ndani ya mrija, na dhahabu ni alama ya presha iliyotimia. Presha inaletwa na joto, na joto linaletwa na wati zinazofika kwenye mrija. Ushike mnyororo huo, kwa sababu hatua ambayo rangi imekwama ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta.

Kabla ya kugusa chochote, zima saketi breka, si fotoseli tu (kile kifaa kinachohisi giza na kuiwasha taa). Kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa. Ignaita ina volti za kuua, na inapiga kila wakati taa inapokuwa na umeme bila kuwaka. Kwa hiyo nguzo iliyo gizani inaweza kuwa ya hatari kuliko inayong'aa. Usipachike multimita kwenye holda (kishikio cha globu) ili "kuona kama umeme unafika" ignaita ikiwa imeungwa. Utaiua multimita, na huenda na wewe ukaumia.

Mwanga wa samawati unametameta, njano haiji

Hapa zenoni inajaribu kuwaka lakini umeme haushiki. Unaona mmemetuko dhaifu, pengine unasikia mlio mdogo wa ignaita, dakika zinapita na hakuna kinachoendelea.

Anza na globu. Ichukue moja inayofanya kazi kwenye nguzo ya jirani, ya wati zilezile, uifunge hapa. Ikiwaka, kazi imekwisha: mrija wa ile ya zamani umevuja au ncha zake zimechoka. Isipowaka, rudi kwenye vifaa. Ignaita iliyozeeka hutoa mapigo dhaifu yanayoweza kuiamsha zenoni kidogo tu. Kagua pia holda: kipande cha kati kikilegea au kikishika kutu, mapigo yanarukia pembeni badala ya kuingia kwenye globu, na utakuta alama nyeusi za kuungua.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mafundi wengi hupenda kuweka choki na ignaita chini, kwenye mlango wa nguzo, ili wasipande tena. Nawaelewa. Lakini waya mrefu hupunguza nguvu ya mapigo, na ignaita nyingi zimetengenezwa zikae mita chache tu kutoka kwenye globu. Kwenye nguzo ya mita 10 mapigo yanafika juu yamechoka. Globu mpya inaweza kuwaka kwa sababu haidai sana, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili inaanza kugoma. Umbali unaoruhusiwa huandikwa kwenye ignaita yenyewe au kwenye karatasi yake. Usome kabla ya kuifunga. Choki inaweza kubaki chini ikiwa ignaita ni ya aina isiyotegemea nyuzi za choki. Ignaita ndiyo ipande juu.

Na kama holda ilikuwa ya taa ya zebaki, usishangae globu ya SON ikikataa kabisa. Taa ya zebaki haitumii ignaita, kwa hiyo hakuna wa kuipiga sodiamu. Zipo globu za sodiamu zilizotengenezwa makusudi kuingia kwenye choki ya zebaki, na hizo zina neoni badala ya zenoni. Huanza na wekundu. Wekundu huo si ugonjwa.

Inafika njano na kukaa hapo

Ili uhakikishe kwamba imekwama kweli, subiri dakika kumi, kisha simama chini yake na kitu chekundu. Kikionekana cheusi au cha kahawia huku taa za jirani zikikionyesha wekundu wake, taa yako haijafika presha yake. Wati hazitoshi, au joto linapotea.

Angalia volteji kwanza. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne, kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi, na laini inazidiwa. Kwa choki ya kawaida, volteji ikishuka kwa asilimia 10, wati za taa hushuka kwa takriban asilimia 20 au zaidi. Haziendi sawa kwa sawa. Taa iliyo mwisho wa laini inabaki na njano mpaka watu walale, kisha saa sita usiku inakuwa dhahabu yenyewe bila kuguswa na mtu. Ukiona hivyo, usibadilishe chochote kwenye nguzo. Tatizo ni transfoma iliyozidiwa au waya mwembamba, na anayepaswa kuitwa ni shirika la umeme.

Kisha soma choki. Iwe ya wati za globu. Globu ya 400 kwenye choki ya 250 itawaka, ndiyo, lakini haitapata joto la kutosha na itaishi na njano yake. Kinyume chake ni kibaya zaidi: globu ya 150 kwenye choki ya 250 inakuwa nyeupe, inapendeza, mwenye nyumba anasifu, na haikai muda mrefu. Kagua pia nyuzi za choki. Choki nyingi zina sehemu mbili au tatu za kuunga waya, zilizoandikwa 220, 230, 240. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya na Uganda ni 240. Choki iliyoungwa kwenye 240 inapotumiwa kwenye laini ya 230 ambayo tayari inashuka jioni, taa inanyimwa mara mbili. Kuhamisha waya mmoja kunaweza kuirudisha dhahabu. Lakini usihamishe kwenda 220 kwa sababu ya jioni tu, kabla hujapima volteji ya usiku wa manane, kwa maana wakati huo laini hupanda na utaichoma globu.

Ikiwa umeme uko sawa na choki ni yake, tazama shingo ya globu. Kioo cha nje cha SON hakina hewa ndani, na ndicho kinachohifadhi joto la mrija. Karibu na kitako kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, la metali ya bariamu, ambalo kazi yake ni kunasa hewa iliyobaki. Doa hilo likiwa la fedha au jeusi linalong'aa, ombwe lipo. Likigeuka jeupe la maziwa, hewa imeingia: joto linatoroka, taa inakwama kwenye njano, na vishikio vya mrija vinaanza kuoza kwa moto. Globu hiyo haina dawa. Napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakihitaji kifaa chochote zaidi ya macho, na unaweza kukifanya hata dukani kabla ya kulipa, hasa kwa globu zilizosafirishwa mbali au zilizotumika.

Inafika dhahabu, inageuka waridi, inazima, kisha inarudi

Huu ndio ugonjwa unaosumbua watu kuliko yote. Taa inawaka vizuri, dakika kadhaa baadaye inazima ghafla. Dakika moja au mbili giza. Inaanza upya: samawati, weupe, njano, dhahabu, giza. Usiku kucha.

Mara nyingi sana ni uzee wa globu. Miaka inavyokwenda, sodiamu inapungua, kwa kuwa sehemu yake inaungana na kuta za kauri na vitu vilivyomo kwenye ncha. Ncha za mrija zinakuwa nyeusi, weusi unahifadhi joto, joto linatoa mvuke zaidi wa zebaki, na volti zinazohitajika kushikilia mwale (umeme unaowaka ndani ya mrija) zinapanda mwaka baada ya mwaka. Globu ya wati 250 ikiwa mpya inataka kama volti 100. Ikishafika 140 au 150 hivi, choki haiwezi tena kuutunza mwale, unakatika. Mrija ukipoa presha inashuka, ignaita inaweza kuuwasha tena, na mzunguko unarudi. Rangi ya waridi au weupe wenye waridi kabla ya kuzima inakuja kwa sababu uwiano umebadilika: zebaki inasikika zaidi, sodiamu imepungua.

Tatizo ni kwamba si kila taa inayowaka na kuzima ina ugonjwa huo, na hapa ndipo pesa zinapotupwa. Tazama rangi ya dakika ya mwisho kabla ya giza. Ikiwa ni dhahabu safi, ya kawaida kabisa, iache globu uangalie fotoseli. Fotoseli iliyowekwa ikatazama taa yenyewe, au ukuta mweupe unaorudisha mwanga, itadhani kumekucha mara tu taa inapofikia nguvu yake yote. Inakata. Giza likirudi, inawasha. Izibe kwa mkanda mweusi jioni moja: taa ikikaa bila kuzima, igeuze fotoseli iangalie upande mwingine. Hakuna cha kununua.

Ikizima bila mpangilio, mara baada ya dakika mbili, mara baada ya saa nzima, na hasa siku za upepo, tafuta waya uliolegea. Nguzo zinatikisika. Mwale ukikatika hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, haurudi mpaka mrija upoe, kwa hiyo mguso mbaya wa nukta moja unaonekana barabarani kama giza la dakika nzima. Na choki zilizo na kikatio cha joto ndani huzima taa kwa vipindi virefu zaidi, robo saa au nusu saa; ukiigusa boksi lake baada ya kuzima umeme utakuta linaunguza.

Basi ikiwa ni waridi na vipindi vinavyofanana, badilisha globu, na ubadilishe mapema. Wengine huiacha iendelee kuwaka na kuzima kwa miezi kwa kuwa "bado inawaka". Kila inaporudi, ignaita inapiga mapigo yake upya. Ignaita iliyotengenezwa kupiga mara moja kwa usiku inapigishwa mara kadhaa kwa saa, na mwisho inakufa nayo. Hapo ndipo fundi anapokuta globu na ignaita vyote vimekufa, na hajui kipi kilianza. Globu ndiyo iliyoanza.

Kwa kupanga mapema: globu nzuri ya SON inakadiriwa saa 24,000. Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, sawa na saa 4,380 kwa mwaka, kwa hiyo ni miaka mitano na nusu. Mtaa uliofungwa taa zote mwezi mmoja utaanza kuona waridi kwa pamoja. Ukiona globu tatu zimeanza mwaka wa tano, nunua za nguzo zote.

Umeme ulikatika kidogo, na sasa kila nguzo ina rangi yake

Hili halihitaji tengenezo. Umeme ukiyumba, taa zote zinazima, lakini hazirudi pamoja. SON huhitaji kama dakika moja kupoa kabla ya kukubali ignaita. Taa ya zebaki huhitaji dakika tano hadi kumi. Ile ya halaidi ya metali, taa nyeupe ambayo hutumika viwanjani na kwenye mabango, inaweza kudai robo saa. Kwenye uwanja wenye mchanganyiko utaona moja iko kwenye njano, nyingine kwenye dhahabu, ya tatu bado giza. Globu nzee nazo huchelewa kuliko mpya. Kaa dakika ishirini kabla ya kumpigia fundi simu.

Ikiwa siyo SON

Taa ya zebaki huanza na zambarau hafifu ya gesi ya agoni na kupanda hadi weupe wa kijani-samawati kwa dakika nne hadi saba. Kasoro yake kubwa ni kwamba haifi kwa heshima. Inaendelea kuwaka, kijani zaidi na hafifu zaidi, huku ikila wati zilezile. Mwanga ukishakuwa wa kijani kibichi na chini ya nguzo hakuonekani, iondoe. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje taa hizi kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo usitafute mbadala wa aina ileile. Badilisha taa nzima. Globu yake au ya halaidi ikivunjika kioo cha nje ikaendelea kuwaka, zima mara moja. Mrija wa ndani hutoa mionzi ya urujuanimno inayounguza macho na ngozi, na watu waliokaa chini yake huamka usiku macho yakiwaka kana kwamba yamejaa mchanga.

Taa za halaidi huanza na samawati, hupitia kijani, na kutulia kwenye weupe. Mbili za umri tofauti hazitalingana kamwe, moja itavuta waridi, nyingine kijani. Si hitilafu. Kama ulinganifu unakuhusu, badilisha zote siku moja.

Wenzetu waliokaa Uingereza au Uholanzi wanaikumbuka aina nyingine: taa inayoanza nyekundu iliyokolea, na kwa dakika kumi au kumi na tano inageuka machungwa na kuishia njano tupu. Hiyo ni sodiamu ya presha ndogo, iliyoanza barabarani katika nchi hizo mwaka 1932. Wekundu wake ni wa neoni yenye agoni kidogo, na njano haibadiliki kuwa dhahabu kwa sababu presha yake haikukusudiwa kupanda. Mrija hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Ikibaki nyekundu, ama ombwe la kioo cha nje limeharibika, ama sodiamu imehamia ncha moja, na hapo utaona sehemu ya mrija ikiwa njano na sehemu nyekundu. Ukiiokota taa ya namna hiyo usiivunje karibu na maji: sodiamu iliyomo ni metali tupu, na ikigusana na maji huwaka.

LED iliyogeuka zambarau

LED haipashi joto ili ipate rangi. Inawaka na rangi yake tangu sekunde ya kwanza, kwa hiyo mabadiliko yoyote ya rangi ni hitilafu. Zambarau ndiyo inayoulizwa zaidi. LED nyeupe ni kipande kinachotoa mwanga wa samawati kilichofunikwa utando wa njano. Utando ukibanduka, samawati inatoka bila kuchanganywa. Kuanzia karibu na mwaka 2021 miji kadhaa ya Marekani ilijikuta na barabara za zambarau kwa sababu hiyo. Usihangaike na draiva (kifaa kinachoilisha LED umeme) wala volteji. Badilisha moduli, yaani kipande kizima chenye LED, na kama muda wa dhamana haujaisha, dai dhamana.

Unapofunga LED kwenye boksi la zamani la SON, toa ignaita na uiruke choki kabisa, umeme uende moja kwa moja kwenye draiva. Ignaita iliyosahaulika ndani itaipiga draiva kwa volti elfu kadhaa usiku uleule wa kwanza. Kapasita nayo itoe, LED haina kazi nayo. Globu za zamani usizitupe na taka za nyumbani. Zina zebaki, ziweke nzima kwenye maboksi yake mpaka upate wa kuzichukua.